Mavi ya Kanga wa Porini

Ketsia aliielekeza mikroskopi juani. Ilikuwa bado na udongo wa shamba la mihogo alimoifukia askari walipopora zahanati aliyofanyia kazi.

Alianza na mavi ya kanga wao wa bandani. Walibaki watatu, hoi, ingawa kila asubuhi aliwafungulia kapsuli ya tetrasiklini, dawa ya kuua vijidudu, ndani ya maji. Aliona vijidudu viwili tu, vimelala.

Kisha akaweka mavi aliyookota walikolala kanga wa porini, akabaki kinywa wazi. Tone lile dogo lilijaa vijidudu hai, vinapishana na kusukumana kama soko la mji wa Baraka kabla ya vita.

"Mama, kuja uone! Hii ndiyo inachunga tumbo ya kanga. Kwa kanga yetu, mi niliiua na dawa."

Mama mkwe wake, aliyekimbia Lubondja kwa miguu na asiyetaja tena jina la kijiji hicho, aliinama juu ya kioo. Hakuinuka upesi.

"Kumbe hawa bote beko bazima," alinong'ona.

Akavuta sahani ya pumba za kanga wa bandani, akachota yale mavi kwa kidole chake mwenyewe na kuyachanganya humo.

"Basi, mwanangu, tubarudishe kwabo."