Pakiti Moja

Panga lilipita kwenye mashina ya maharage kama linakata maji. Kaka alikuwa ametoka jela asubuhi hiyo. Kufika saa sita mchana, hajanywa hata maji, alikuwa ameshafyeka mistari minne.

"Kaka, acha! Nisikilize kwanza!" Dada yake mdogo alikuja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Nisikilize nini? Macho ninayo!"

Macho yalikuwa yameona shamba la marehemu baba yao limegawanywa kwa kamba. Upande wa mlangoni kwa dada, ule kaka aliokuwa akiufyeka, maharage yalikuwa ya kijani kibichi, yamenenepa, yamefunika udongo. Upande wa mawe yalikuwa mafupi, ya njano, kama yana homa. Miezi minne yote kaka alipokuwa ndani, dada ndiye aliyegawa, na ndiye aliyepanda pande zote mbili.

"Wanangu watatu wale majani ya njano?"

"Mbolea haikupatikana, Kaka. Nilipata bakteria tu, wale wa kupaka kwenye mbegu, wanaoilisha mizizi. Pakiti ilikuwa moja. Ilitosha upande mmoja, ndipo mimi..."

"Ndipo ukajipakia wewe, msomi!"

Kofi lilimkatisha. Pigo la pili lilikuwa la ubapa wa panga. Dada akaanguka kwa magoti, mdomo umejaa damu, akaung'ang'ania mguu wa kaka yake. Kaka akamburuta hatua tatu, akamtupa kwa teke la kifua, akaendelea.

Kukata hakukumtosha. Sasa aling'oa. Kwenye mizizi vilining'inia vinundu vidogo kama punje za mtama. Akavikanyaga kwa kisigino, vikapasuka. Ndani vilikuwa vyekundu kama nyama.

"Ndio hao wadudu wako? Basi wafe!"

Dada alitambaa nyuma yake, akiokota mche mmoja mmoja, akiurudisha shimoni na kuufukia kwa viganja. Damu ya mdomoni ilidondokea udongo, naye akaifukia pamoja na mizizi.

"Zika, zika! Mwaka huu tutalala njaa wote, tuone usomi wako utachemshwa vipi!"

"Kaka," alisema kwa shida, "hata kuuliza hukuuliza."

Kaka akasonga mbele. Alikuwa amefika mstari wa mwisho. Akainua panga kwa mikono miwili, akalishusha kwa nguvu zote zilizobaki. Likagonga kitu kigumu, likamtoka mikononi.

Akainama, akihema, akayafunua majani mapana kwa vidole. Chini yake kulikuwa na kibao kilichochomekwa ardhini tangu siku ya kupanda, kimeandikwa kwa rangi ya mlango, kwa mwandiko wa dada yake:

"La Kaka na watoto. Karibu nyumbani."