Kazi ya Kuandika

Haya ni ya kweli tupu, tangu herufi ya kwanza hadi nukta. Nikiongeza chumvi hata punje moja, ulimi wangu na uote vinyweleo.

Mzee Karani alikuwa amesimama mbele ya watu arobaini, jasho likimteremka mpaka ndani ya soksi, na swali la kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote.

"Mzee wetu, siku yako ya kazi inakwendaje?"

Aliyeuliza ni mwenyekiti wa klabu ya wasomaji, mama mwenye miwani ya mnyororo na sauti ya kengele. Tena si mama wa mbali. Ni mkwe wake: binti wa Karani ameolewa na mwanawe. Na huyo binti alikuwa safu ya mbele pale ukumbini, kanyoosha shingo, anameremeta.

Binti ndiye chanzo cha yote. Karani alipostaafu ukarani alikaa nyumbani miezi minane akihesabu nyufa za dari. Mwezi wa tisa binti akapiga simu: "Baba, siku hizi unashughulika na nini?" Karani akajibu neno moja: "Naandika."

Basi! Kigelegele kikapigwa mpaka simu ikakwaruza. Mzee aliyejaa chuku tangu ujana, angekosaje kuwa mtunzi? Kabla jua halijatua, habari ilikwisha fika ukweni: baba ni mwandishi wa hadithi. Huko ukweni, wake za mashemeji mmoja alikuwa na baba daktari, mwingine baba hakimu. Binti naye, hatimaye, akapata wa kumtaja.

Karani alikosa moyo wa kumsahihisha, hata klabu ya mkwe ilipomwalika. Hakuwa na kitabu, hakuwa hata na ukurasa. Na leo akiumbuka yeye, atakayeinamisha uso kwa mumewe ni binti yake. Kwa hiyo alijiapia mlangoni: uongo hasemi. Hata mmoja.

"Naamka saa kumi na moja alfajiri," akaanza. "Saa moja kamili niko mezani. Sisubiri moyo upende. Ukisubiri moyo, watu watafika wakute patupu."

Watu wakatikisa vichwa. Daftari zikafunguliwa.

"Na lengo lako kwa siku?"

"Ishirini kabla ya saa sita."

"Kurasa ishirini!" akaguta mwalimu mstaafu wa safu ya pili. "Huyu si mtu, ni mashine!"

Karani akakohoa. Kikohozi si uongo.

"Na kufuta je? Unafuta?"

"Nafuta kuliko ninavyoandika. Anayeona uvivu kufuta, kazi hii haimfai."

Makofi. Binti akageuka nyuma, awaone wanaopiga.

"Wahusika wako, mzee, unawatoa wapi?"

"Wanakuja wenyewe. Mimi nasimama pembeni, natazama. Yuko anayeingia na mkewe, jicho liko kwingine. Yuko anayecheka na simu huku machozi yanamtoka. Nawajua kwa viatu. Kazi yangu ni kumpa kila mmoja nafasi yake, asibanwe na mwenzake."

"Umesikia hiyo, shoga?" mama mmoja akampiga jirani yake kiwiko. "Nafasi yake! Mimi mume wangu hajanipa miaka thelathini."

Ukumbi ukaangua kicheko. Karani naye akacheka, lakini cheko la meno tu.

"Kosa gani baya kuliko yote?" mwalimu akauliza.

"Kupinda. Mstari ukipinda kidogo tu, mtu anahisi, hata kama hajui amehisi nini. Nina msimamizi wangu, mwanamke mkali kama pilipili, anapita nyuma yangu. Akikuta kimoja kimekaa kombo, naanza upya."

"Wahariri hao!" mwalimu akaguna. "Hawana huruma."

"Na kazi unajuaje imekwisha?"

Karani akatazama viganja vyake. "Haiishi. Unapanga pakapendeza, watu wanakuja, wanavuruga, wanaondoka zao. Kesho unaanza tena na peupe."

Binti akatoa leso, akajifuta macho. Machozi yale yalimchoma Karani kuliko tusi.

Ndipo mkwe akaegemea mbele. "La mwisho. Kitabu kinatoka lini?"

Mzee Karani akamtazama binti yake, akaamua litakalokuwa na liwe.

"Mkwe wangu, ukweli ni kwamba mimi..."

"Aaa, wapi!" mkwe akamkata. "Mjamzito haulizwi saa! Jamani, mpigieni makofi, halafu mapumziko, dakika ishirini."

Makofi yakavuma. Wakati watu wanamzonga binti kumpongeza, mkwe alimshika Karani kiwiko, akamwongoza hadi chumba cha nyuma, akafunga mlango. Mle ndani mlikuwa na meza nane tupu, rundo la vitambaa vyeupe, na makreti ya sahani na glasi.

"Watu arobaini watakula hapa," mkwe akanong'ona. "Na juzi, mkwe wangu, nilikuona pale hotelini, aproni kiunoni, kitambaa begani. Mwanao hatasikia kwangu. Haya, mwandishi: meza hizo. Ziandike."

Mzee Karani akavua koti.

"Vijiko viko wapi?" akauliza.