Ngazi za Stesheni

"Ngazi za umeme za stesheni? Mimi nimekulia juu yake," Kibwana alimtambia mchumba wake, Mwantumu. "Shangazi yako nitampokea mwenyewe, kule chini kabisa."

Shangazi ndiye aliyekuja kuamua kama posa ya Kibwana itakubaliwa.

Sasa treni imeshafika chini ya ardhi na Kibwana bado yuko juu, usawa wa barabara, mguu mmoja ameuinua kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto. Anautoa, anaurudisha. Watu wanampita.

"Baba, mbona hushuki?" Shangazi, aliyemjua kwa picha, aliita kutoka chini.

"Napisha watu kwanza, Shangazi!"

"Watu gani?" akadakia muuza karanga wa mlangoni. "Mama, huyu tangu asubuhi anazichungulia tu. Anaziogopa!"

Shangazi alikanyaga ngazi za kupanda. Papo hapo Kibwana akafumba macho, akarukia za kushuka.

Alipoyafumbua walikuwa wanapishana katikati, yeye ameng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili, Shangazi akipanda taratibu, mdomo wake ndiyo kwanza unafunguka.