Kidani Kinachojibu

Siku hizi watu hawajibu salamu kwa vinywa vyao. Kila mtu mzima ana kidani shingoni, na kidani ndicho kinachosema na wageni, kwa sauti ya mwenyewe, maneno ya heshima tupu. Anayekivua mbele za watu huonekana hana haya, na mtaa mzima humkwepa.

Asubuhi hiyo Mwanahawa alikuwa sakafuni, analia huku kaziba mdomo kwa kanga, dada yake Maimuna alipopiga hodi.

"Shikamoo dada," kidani cha Mwanahawa kikaitikia kwa uchangamfu.

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za hapa?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Na shemeji?"

"Yupo, katoka kidogo."

Shemeji alikuwa kaondoka tangu Idi, na godoro kalibeba.

Mwanahawa akataka kusema, "Dada, mimi nimekwisha." Kidani kikamwahi: "Na nyie huko, hamjambo?"

"Sisi wazima kabisa. Nilikuwa napita tu."

Mwanahawa akajikokota hadi dirishani, akachungulia. Maimuna alikuwa ameegemea ukuta, jicho moja limevimba halifunguki, furushi la nguo miguuni. Machozi yalikuwa yakimchuruzika. Midomo yake kaifumba. Kidani kifuani pake ndicho kilichokuwa kinacheka.

Mwanahawa akashika kidani chake akivue. Ng'ambo ya njia, majirani walikuwa barazani, wametega masikio. Akakiachia.

"Haya, karibu tena dada," kidani kikasema, na Maimuna akainama kujitwika furushi lake.