Sura ya Pili

Miezi minne Mwanaidi alingoja kuitwa na profesa wake. Alikuwa amempelekea sura ya pili ya utafiti wa shahada ya uzamivu, kisha akakaa kimya, kwani ndivyo alivyolelewa: mkubwa hasumbuliwi. Katika ukoo wao hakuna aliyefika huko hata wa kumwambia vinginevyo. Sasa idara ilikuwa imemwandikia kwamba sura hiyo isiposainiwa kufikia kesho, nafasi yake inafutwa.

Mama yake, Bi Chausiku, muuguzi mwenye stashahada, aliisoma barua mara moja tu.

"Kwa hiyo umejikalia kama mwari anayengoja posa?"

"Mama, yule ni mtu mzima. Nitamgongeaje mlango?"

"Kwa vidole. Vaa viatu twende."

Saa nne asubuhi walikuwa mbele ya mlango wa profesa. Mwanaidi alikuwa ameikumbatia nakala ya sura yake.

"Nikamwambie nini?"

"Msalimie, kisha mwambie umekuja msome sura yako. Na usiombe radhi, hujaiba kitu."

Mwanaidi akagonga.

"Nani?" sauti nzito ikauliza.

Akageuka kumtafuta mama yake, lakini Bi Chausiku alishakwenda kukaa kwenye benchi, mgongo wima.

"Ni Mwanaidi, profesa. Nimeleta kazi yangu."

Mfagizi aliyekuwa akipita akatazama.

"Wangu huyo," Bi Chausiku akamwambia.

Mlango ukafunguka, na mbele ya meza iliyojaa karatasi kikaonekana kiti kitupu.