Eti Kompyuta Imekufa

Fundi Shekue alichomeka adapta ya kwanza nyuma ya kompyuta kuukuu ya shule, akaiunganisha na ya pili, kisha akachomeka waya wa kioo kipya. Mwalimu mkuu Nzaro alisimama pembeni, mikono nyuma. Wiki tatu zilizopita, mbele ya walimu wote, alikuwa amemfukuza karani wake Mbeyu, eti ameua kompyuta.

"Haijafa, mwalimu, ni kioo tu," Mbeyu alimwambia siku ile huku akilia, naye Nzaro akamjibu asimfundishe kazi.

Kioo kikawaka. Mafaili ya Mbeyu yalikuwa yamejipanga vilevile alivyoyaacha.

"Kwani nani alikudanganya imekufa?" Shekue aliuliza akicheka.

Nzaro alitoa leso, akaanza kufuta vumbi kwenye kioo kilichotoka kwenye boksi muda uleule.