Alumini Haiivi kwa Macho

"Macho yangu yanatosha. Kipimajoto ni cha wagonjwa," fundi wa mashine alijigamba, karakana nzima ikimsikiliza.

Lakini alumini ni msiri: ikiiva haiwi nyekundu kama chuma. Ukilisukuma gogo la alumini kalibuni likiwa bado bichi, kalibu inayolipatia umbo hupasuka. Leo kalibu ilikuwa mpya. Ingepasuka, cheo cha mkuu wa zamu alichokuwa akikinyemelea kingeota mbawa.

Wenzake walipogeuka, alichomoa kipande cha sabuni mfukoni, akachora mstari juu ya gogo. Sabuni ikaungua kwa joto, mstari ukawa mweusi. Limeiva.

Akasukuma. Fremu ya dirisha ikachuruzika kutoka kalibuni, ndefu, nyororo, iking'aa kama maji ya mtungini. Watu wakapiga makofi.

"Hongera, shemeji," mpakizi alimnong'oneza kutoka nyuma ya tanuri. "Dada yangu analalamika sabuni zinaisha nyumbani kwenu. Kumbe macho yako yanaoga huku."